Kupiga Picha Mizizi ya Mimea ya Dawa: Mwongozo wa Kazi kwa Aliye Nairobi

Mzizi wa dawa wa mukombero unaotembezwa kwenye vikapu katikati ya jiji, mara nyingi, umefika hapo kwa njia moja: mtu alichimba mmea mzima, akakata mizizi, akaacha shina likauke. Sasa wako wakulima wanaoupanda wenyewe, na jambo hilo linanifurahisha sana. Ila mkulima naye ana tatizo lilelile la mchimbaji wa msituni. Dawa iko chini ya ardhi, haionekani. Atajuaje mzizi upi umekomaa na upi bado unaulisha mmea, bila kung'oa?

Kupiga picha mizizi ikiwa hai ndiyo njia ya kujua. Kazi hii imezoeleka kuhusishwa na maabara kubwa za ng'ambo, lakini sehemu kubwa yake inafanyika Kabete, Kasarani au Rongai kwa sanduku la kioo, simu nzuri na skana. Mifano yangu ni mukombero na ashwagandha, kwa kuwa yote miwili hutumika mizizi na yote miwili inaota Kenya.

Hatua ya 1: Andika swali kabla ya kununua chochote

Picha ya mzizi inavutia hata kama haikufundishi kitu. Kwa hiyo kaa chini uandike swali moja. Mzizi unaanza kuvimba miezi mingapi baada ya kupanda? Samadi inaipeleka mizizi chini au inaiacha juu juu? Nikikata mizizi ya upande mmoja, mmea utaotesha mingine? Swali la kwanza linahitaji kutazama mmea uleule kwa muda mrefu, basi sanduku la kioo ni lazima. La pili unaweza kulijibu kwa kung'oa, kuosha na kuskani. La tatu ndilo gumu zaidi, na ndilo ninalolithamini kuliko yote.

Hakikisha pia unajua mmea ulio nao. Peleka tawi lenye majani, na maua yakiwepo, kwenye Hebaria ya Afrika Mashariki pale Makumbusho ya Taifa, wakuthibitishie jina la kisayansi. Mukombero ni Mondia whitei; ashwagandha ni Withania somnifera. Kama unafanya utafiti rasmi, tafuta leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kabla ya kupanda, maana haitafutwi baada ya kazi kwisha.

Tangawizi na manjano ziweke pembeni. Kile tunachokula ni shina linalotambaa chini ya udongo, na mizizi halisi ni ile myembamba inayoning'inia kutoka kwake. Ukivipima vyote pamoja, kompyuta itakupa wastani wa unene usiohusu shina wala mzizi.

Hatua ya 2: Chagua udongo ukijua utakufanyia nini

Nairobi ina udongo wa aina mbili kuu. Kuanzia Kabete kuelekea Limuru ni udongo mwekundu, wenye kina kirefu na unaopitisha maji vizuri. Kuelekea Embakasi na Athi River ni udongo mweusi wa pamba, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Kwa picha, udongo mweusi ni taabu: nyufa zake zinaonekana kama mizizi, na unapojikunja unaachana na kioo, mizizi ikabaki ikining'inia hewani. Anza na mwekundu. Mzizi mchanga mweupe unaonekana wazi juu yake. Shida inakuja baadaye, mzizi unapozeeka na kugeuka kahawia, rangi mbili zikakaribiana. Ndiyo maana picha za wiki za mwanzo ni mali. Usiseme utaanza kupiga mmea ukishakuwa mkubwa.

Chekecha udongo kwa wavu wa milimita 4 hivi, utoe mawe na mabonge. Jiwe dogo linatosha kugawanya mzizi wa ashwagandha vipande viwili, ukadhani ni tabia ya mmea.

Hatua ya 3: Tengeneza sanduku la kioo

Sanduku linalofaa kuanzia lina upana wa sentimita 30, urefu wa 70 na unene wa 5. Fundi wa mbao atakutengenezea pande tatu na kitako kwa plaiwudi isiyooza upesi. Upande wa nne uwe kioo cha milimita 5 au 6, au akriliki inayoonyesha. Kioo hakichubuki upesi, lakini ni kizito na huvunjika. Akriliki ni nyepesi, ila ukiifuta kwa kitambaa chenye mchanga itajaa mikwaruzo, na kila mkwaruzo utahesabiwa kama mzizi. Mimi nachagua kioo. Toboa matundu kwenye kitako na uweke changarawe chache juu yake ili maji yatoke.

Sanduku hilo linabeba lita 10.5, na udongo wenye unyevu peke yake utakaribia kilo 15, bila kioo na mbao. Panga tangu mwanzo litakaa wapi na nani atalibeba.

Ujazaji ndio unaoharibu majaribio mengi. Ukimwaga udongo wote kwa mpigo mmoja, juu utakuwa laini na chini mgumu, na mizizi itafuata ulegevu wa udongo badala ya tabia yake. Jaza kwa tabaka za sentimita 5. Kila tabaka ni lita 0.75, ukilenga kilo 1 ya udongo mkavu kwa lita, weka gramu 750 za udongo mkavu, au uongeze uzito wa maji yaliyomo kama udongo una unyevu. Gongagonga hadi ufike kwenye alama, kwaruza uso kidogo, kisha weka tabaka linalofuata. Masanduku yote yajazwe na mtu mmoja, siku moja.

Panda mche mmoja karibu na kioo. Kisha linamishe sanduku kama nyuzi 30 hadi 45 kutoka wima, upande wa kioo ukitazama chini. Mizizi inavutwa na mvutano wa dunia, ikigonga kioo inateleza juu yake, nawe unaiona. Sanduku lililosimama wima litakuonyesha michache tu.

Funika kioo kwa nailoni nyeusi, na juu yake karatasi ya foili au kitambaa cheupe ili jua lisipashe udongo moto. Mizizi hukwepa mwanga. Mwanga ukiingia pia, ukoga wa kijani utaota kwenye kioo na hutaona kitu baada ya wiki chache. Kifuniko kitoke wakati wa kupiga picha tu.

Masanduku matano kwa kila hali unayolinganisha ndiyo idadi ya chini ninayoikubali. Yachanganye kwenye mpangilio. Usiweke yote yenye samadi upande wa jua na yasiyo na samadi kivulini. Kumbuka pia majira. Julai ya Nairobi ni baridi na mawingu, na mmea uliozoea joto na mvua za Kakamega utapunguza mwendo. Mche wa Aprili na mche wa Juni haulinganishwi kwa umri peke yake.

Mukombero ni mmea wa kutambaa na huishi miaka. Utahitaji mti wa kuparamia, na ukiweza sanduku la mita moja. Ashwagandha ni rahisi zaidi: nchini India huvunwa kati ya siku 150 na 180 baada ya kupanda, kwa hiyo unaweza kumaliza mzunguko mzima ndani ya nusu mwaka.

Hatua ya 4: Piga picha kwa namna ileile kila mara

Simu ya kawaida inatoa picha ya pikseli 4,000 kwa 3,000. Ukipiga sanduku lote la sentimita 70 kwa picha moja, kila pikseli inabeba milimita 0.175. Mzizi wa unene wa milimita 0.3 hautafikisha pikseli mbili. Kompyuta haitauona, au itauona kwa vipandevipande. Kanuni ninayofuata ni angalau pikseli tatu kwenye unene wa mzizi mwembamba ninaoutaka. Kwa hiyo gawa kioo. Picha inayofunika sentimita 20 kwa 15 inakupa milimita 0.05 kwa pikseli. Safu tano za picha mbilimbili, zikipishana kidogo, zinamaliza sanduku lote: picha 10.

Funga simu kwenye stendi iliyoungwa na fremu, ili umbali usibadilike. Tumia lenzi kuu; ile ya kupanua inapinda kingo. Zima kila kitu kinachopamba picha, funga fokasi na mwanga visijirekebishe. Programu ya Open Camera, ambayo ni ya bure kwa simu za Android, inakuruhusu kufanya hivyo. Taa mbili nyeupe za LED ziwe kushoto na kulia, zikimulika kwa nyuzi 45. Nyuma ya simu tundika kitambaa cheusi kipana, la sivyo utapiga picha ya sura yako na dirisha la chumba. Futa umande kwenye kioo. Bandika rula upande wa nje, na karatasi ndogo yenye namba ya sanduku na tarehe, vyote viingie kwenye picha.

Mara mbili kwa wiki inatosha, saa ileile, na kwa umbali uleule wa muda tangu kumwagilia, kwa kuwa udongo uliolowa una rangi tofauti na uliokauka.

Picha zitoe kwenye simu kwa waya. Ukizituma kwa WhatsApp kama picha za kawaida zinabanwa, na mizizi myembamba ndiyo inayopotea kwanza. Ipe kila faili jina lenye mmea, sanduku, tarehe na sehemu, kwa mfano MK03_2025-04-12_B2. Nakala moja ikae nje ya kompyuta unayoitumia.

Hatua ya 5: Kuosha

Kioo kinaonyesha sehemu tu ya mizizi. Mwisho wa jaribio, baadhi ya masanduku lazima yafunguliwe, mizizi yote ioshwe na kupimwa, ulinganishe na kilichoonekana kwenye kioo. Bila hatua hiyo hutajua kama dirisha lako lilikuwa linasema kweli.

Kabla ya maji, kata vipande vya mizizi vitakavyokwenda kupimwa kemikali, uvitie alama na kuvipima uzito. Vilivyobaki loweka usiku mmoja kwenye beseni, kisha suuza taratibu juu ya chujio la matundu ya milimita 0.5. Usitumie bomba la nguvu. Udongo mwekundu unashika. Rudia kubadilisha maji badala ya kusugua. Siku za mgao wa maji, kusanya maji ya suuza ya mwisho kwenye ndoo, yatafaa kuloweka sanduku linalofuata.

Kama huwezi kuskani siku hiyo, weka mizizi kwenye ethanoli ya asilimia 50 ndani ya friji. Lakini hiyo iwe mizizi ya kupima urefu na unene tu. Ethanoli inavuta kemikali za mmea, na ndiyo maana watengenezaji wa dawa huitumia. Mzizi uliokaa humo hauwezi tena kukuambia una dawa kiasi gani.

Hatua ya 6: Skana

Hapa ndipo namba nzuri zinapotoka. Tafuta skana bapa. Zile zilizounganishwa na printa za bei nafuu kwa kawaida hutumia kihisi cha CIS, ambacho kinaona vizuri kitu kilichogusa kioo tu. Mzizi ulioinuka milimita chache unakuwa ukungu. Skana yenye kihisi cha CCD inaona kina zaidi, na ukipata yenye taa kwenye kifuniko, kama zinazotumika kuskani negativu za picha, vivuli vinakwisha kabisa. Ukienda kununua ya mtumba, beba kitu chenye mwinuko, hata sarafu mbili zilizopandana, ukaijaribu pale pale dukani.

Weka juu ya skana trei ya akriliki iliyozibwa vizuri kwa silikoni, jaza maji kina cha milimita 5 hadi 10. Maji yaliyochemshwa na kupoa yana viputo vichache. Tandaza mizizi kwa kibano cha plastiki na brashi laini hadi isipandane. Inapokuwa mingi, igawe. Trei tatu zenye nafasi ni bora kuliko moja iliyosongamana, kwa sababu mizizi iliyolaliana inahesabiwa kama mmoja mnene.

Mizizi inayokaribia kupitisha mwanga kama kioo haionekani. Itie rangi kwa matone machache ya GV, ile dawa ya zambarau ya duka la dawa, kwenye lita moja ya maji, ikae usiku mmoja, kisha uisuuze. Vaa glavu.

Skani kwa nukta 600 kwa inchi. Inchi ni milimita 25.4, basi kila pikseli ni milimita 0.042, na mzizi wa 0.15 unapata pikseli tatu na zaidi. Nukta 1,200 zinakupa faili kubwa mara nne na kazi ya kompyuta mara nne. Zitumie pale tu mmea wako una mizizi myembamba mno. Hifadhi kwa TIFF au PNG, si JPEG.

Hatua ya 7: Geuza picha kuwa namba

Kwa skani safi, programu ya RhizoVision Explorer inafanya kazi ya kutosha bila malipo. Inataka Windows. Iambie nukta kwa inchi, chagua hali ya mizizi iliyokatika, kisha urekebishe kizingiti kinachotenganisha mzizi na mandhari. Usikubali kizingiti ilichokuja nacho: fungua picha tatu ngumu kuliko zote, tazama mizizi iliyopotea na uchafu uliohesabiwa, ukirekebisha hadi uridhike, halafu tumia kizingiti hichohicho kwa picha zote. Programu itatoa urefu wote, wastani wa unene, eneo, ujazo na idadi ya ncha.

Weka mipaka ya unene mwenyewe. Watafiti wengi huita mzizi mwembamba ule ulio chini ya milimita 2. Kwa mmea wa dawa, mgawanyo huo una maana kubwa: minene ndiyo inayouzwa, myembamba ndiyo inayonywesha mmea. Wastani mmoja wa unene unaificha habari hiyo yote.

Picha za sanduku ni kazi nyingine, kwa sababu mandhari ni udongo wenye rangi nyingi. Huko tumia RootPainter, pia ya bure. Unaionyesha kwa brashi, huu mzizi, huu udongo, nayo inajifunza kutoka kwa picha zako mwenyewe. Mafunzo yanahitaji kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro, au unaweza kuyaendesha kwenye Google Colab, yaani kompyuta za Google unazozitumia mtandaoni, kama intaneti yako ni imara. Mahesabu madogo, kama unene wa mzizi mmoja mahali pamoja, programu ya ImageJ inatosha.

Kisha kausha mizizi uliyoiskani kwa joto la nyuzi 65 kwa saa 48, uipime, ugawe urefu kwa uzito. Mita kwa gramu: namba kubwa ina maana mmea unatumia mali kidogo kutafuta maji mbali, namba inayoshuka wiki hadi wiki ni dalili kwamba mmea umeanza kujaza ghala. Vile vipande vya kemikali visipikwe hivyo. Harufu ya mukombero inatokana na 2-hidroksi-4-methoksibenzaldehidi, ndugu wa vanilini, nayo hupaa kwa joto. Vianikwe kivulini penye hewa.

Hatua ya 8: Tazama ndani ya mzizi

Kata kipande chembamba cha mzizi kwa wembe mpya, kikiwa ndani ya tone la maji. Tone la ayodini litageuza wanga kuwa bluu iliyokoza hadi nyeusi. Sudani III, rangi ya maabara, hugeuza mafuta kuwa na rangi ya chungwa au nyekundu. Weka simu kwenye lenzi ya hadubini, na upige pia picha ya kipimo cha milimita kwa ukuzaji uleule. Utaona kama ukubwa wa mzizi unatokana na gome nene au na mti wa katikati, na hilo ni muhimu pale mnunuzi anapolipa kwa kilo.

Hatua ya 9: Eksirei, kama unaifikia

Skana ya CT, inayopiga eksirei kutoka pande nyingi, inaona mizizi ndani ya chungu bila kuugusa udongo. Allan Cormack, aliyezaliwa Johannesburg, alianza hesabu za skana hiyo akiwa Cape Town, na mwaka 1979 akashiriki Tuzo ya Nobel na Godfrey Hounsfield wa Uingereza. Kituo cha kuskani mimea na udongo cha Chuo Kikuu cha Nottingham kimepewa jina la Hounsfield.

Mashine ya hospitali inatofautisha vitu vya takriban nusu milimita, kwa hiyo itaona mizizi minene ya mukombero na kukosa myembamba yote. Mashine ndogo za utafiti zinaona zaidi, lakini kwa kupunguza chungu: kihisi chenye pikseli 2,000 kikitazama chungu cha sentimita 10 hakiwezi kushuka chini ya milimita 0.05. Na udongo wetu mwekundu umejaa chuma, ambacho kinameza eksirei na kufifisha tofauti kati ya mzizi na udongo. Chuma hichohicho huvuruga picha za MRI, mashine inayotumia sumaku. Ukipata nafasi ya mashine hizo, panda kwenye mchanga uliooshwa, acha chungu kichuruzike siku moja au mbili kabla ya kuskani, na useme wazi kwenye ripoti kwamba mchanga si shamba. Mashine ya eksirei lazima iwe na leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ya Kenya.

Hatua ya 10: Kata, kisha endelea kutazama

Sasa lile swali la tatu. Chagua masanduku ambayo picha zinaonyesha mizizi minene ya kutosha pande zote. Yapige picha asubuhi. Fungua upande wa nyuma wa plaiwudi, ambao kwa masanduku haya ufungwe kwa skrubu badala ya misumari, ukate mizizi minene ya nusu moja kwa kisu kikali kilichopitishwa kwenye spiriti, uache shingo ya mmea na nusu ya pili bila kuguswa. Rudisha udongo uleule kwa uzito uleule, funga, mwagilia kidogo. Masanduku ya kulinganisha nayo yafunguliwe na kufungwa bila kukata, ili usumbufu wa kufungua usihesabiwe kama athari ya kisu.

Endelea na picha mbili kwa wiki. Pima mambo matatu: siku ya kwanza ncha nyeupe zinapotokea upande uliokatwa, urefu mpya kwa wiki, na kama mizizi minene iliyobaki upande wa pili inanenepa, inasimama au inanywea. Ikinywea, mmea unakula akiba yake, na mkulima asikate tena hadi inenepe upya. Umbali wa siku kati ya kisu na kurudi kwa unene huo ndio ratiba ya mavuno unayompelekea, ikiandamana na picha za kioo za kabla na baada, ili aone mwenyewe ni mizizi ipi aiache ardhini.